Valvu Niliyoiziba

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikaa dirishani nikisikiliza magari. Lakini miaka ile ya themanini, ungeuliza mtu yeyote kuanzia Endabash hadi geti la Ngorongoro fundi ni nani, ungetajiwa mimi. Land Rover za watalii zilizofia kwenye mteremko wa kreta zilivutwa hadi kwangu, na kwangu zilitoka zikinguruma. Vipuri havikuwepo nchini, nilivichonga mwenyewe. Nayasema haya ili ijulikane kwamba siku ninayoieleza mikono hii ilikuwepo, na haikufaa kitu.

Mke wangu alikuwa wodini, hospitali ya misheni, tangu jana yake, mtoto amekataa kushuka. Asubuhi daktari akaniita pembeni.

"Inabidi apasuliwe. Ila mashine ya mvuke ya kutakasia nguo za upasuaji ni mbovu. Visu nitachemsha kwenye sufuria, nguo siwezi. Na Arusha hafiki, barabara umeiona."

Niliiona. Mvua ilikuwa imeila kule kwenye mteremko wa Mto wa Mbu.

"Tuwategemee hawa wanafunzi," akasema.

Wanafunzi hao walikuwa chama cha watu wa uhandisi kutoka chuo kikuu. Likizo zao walizitumia kuzunguka hospitali za mikoani wakitengeneza mashine za tiba. Walikuja wanne asubuhi ileile na sanduku la vifaa. Mwenyekiti wao alikuwa msichana mwembamba, ovaroli limemmeza. Waliitana ndugu hata wakipeana spana.

"Ndugu katibu, kumi na tatu."

"Hiyo hapa, ndugu mwenyekiti. Na irudi na meno yake."

Walikuwa na desturi moja. Kabla ya kufungua mashine, aliyeigusa mwisho anaeleza alichofanya, mwanzo hadi mwisho. Katibu anaandika, na kucheka ni marufuku.

"Nani aliigusa mwisho?" msichana akauliza.

Nesi akajibu kwamba mtunza stoo alileta fundi, ila mtunza stoo yuko likizo kwao, na huyo fundi yeye hakumwona. Msichana akanigeukia; daktari alishamwambia kazi yangu. "Ndugu fundi, wewe mwenyeji. Humjui?"

"Hapa mafundi tele," nikasema. "Wengine wababaishaji tu."

Fundi huyo alikuwa mimi. Wiki mbili nyuma mtunza stoo aliniita. Juu ya mfuniko kulikuwa na kavalvu kadogo kanapiga mluzi na kutema mvuke. Kwangu gereji kinachovuja ni kibovu. Nilikaziba kwa shaba, nikakapiga msasa, nikakapaka rangi ya fedha, hata aliyekatengeneza asingejua kameguswa. Siku chache baadaye nikasikia raba ya mfuniko imepasuka. Nikajiambia, raba ilikuwa kuukuu.

Basi wakaweka raba mpya, wakawasha jiko la mafuta ya taa chini yake. Mimi nimesimama mlangoni. Sauti ya mke wangu inapenya ukuta. Mshale wa kipimo cha presha unapanda, unapanda.

"Mbona haipigi mluzi?" mmoja akauliza.

Raba ikapasuka. Chumba kizima kikawa mvuke, msichana akaruka nyuma. "Mama yangu!"

"Pole, ndugu mwenyekiti, karibu uive," katibu akasema, tayari akimvuta mbali na mvuke.

Ikabaki raba moja. Hawakuthubutu kuijaribu. Wakaanza upya, bomba kwa bomba, wakifungua kitabu, wakifunga kitabu, na kile kivalvu kinang'aa mbele ya macho yao kama kipya. Mdomo wangu, unaojua kujisifu tangu jogoo la kwanza, ulikuwa umechomelewa. Saa sita ikapita. Saa nane mke wangu akanyamaza, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele.

Nesi akatoka wodini, akanipita bila kunitazama. Hapo ndipo nikasema.

"Ni valvu. Niliiziba mimi."

Katibu akafungua daftari. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

"Kwa nini uliiziba?"

"Ilikuwa inavuja."

"Ilikuwa inapumua, ndugu fundi. Presha ikizidi, inatokea pale."

Nikashika tupa niizibue mwenyewe. Ikaniponyoka mara mbili. Msichana akanyoosha mkono. "Lete, mzee." Nilikuwa sijafika hata arobaini.

Mvuke hauna haraka ya mtu; saa nzima tena tukangoja. Wakampasua jioni. Akatoka hai. Mtoto, wa kiume, hakulia.

Kama saa zile nilizonyamaza ndizo zilizomchukua, sijui. Daktari hakusema, nami sikuuliza. Vijana waliondoka kesho yake, wakanipa mkono mmoja mmoja.

Siku ya tatu mke wangu akapata nguvu ya kuzungumza. "Kwani tatizo lilikuwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza yote. Likatoka neno moja. "Presha." Nikameza mate niendelee. "Presha ilizidi..."

Akafumba macho. "Nesi wa kliniki aliniambia nipunguze chumvi, sikusikia. Nisamehe, mume wangu."

Nikafungua mdomo. Tayari alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanatikisika.

Tangu hapo chakula cha nyumba yangu hakina chumvi. Wageni wakiiomba, huwaeleza sababu yeye mwenyewe, taratibu, kwamba alimpoteza mtoto kwa ukaidi wake. Nami nipo palepale, tonge mkononi.