Alama ya Kisima cha Ami Guessoum

Ami Guessoum alichunga kisima kirefu nje ya mji wa Touggourt, jangwani Algeria, miaka ishirini na sita. Maji ya kisima hicho hupanda yenyewe, ya moto, kutoka chini sana, pampu hakuna. Kazi yake ilikuwa kuigonga geji ya presha ya maji kwa kidole ili mshale usikwame, kisha saa moja asubuhi kuipigia simu ofisi ya maji.

"Ipo kwenye alama."

"Sawa, Ami. Na wewe umeamkaje?" Warda wa ofisini humuuliza.

Hapo sasa! Kikohozi, ndoto, mkate ulioungua. Dakika tatu, basi. Mkewe Fatna alishafariki, wanawe wako Oran, na mitende haiitikii salamu.

Alama yenyewe ilikuwa tone la rangi ya kucha ya marehemu, juu ya kioo cha geji, lililowekwa mwanzoni mkabala na kumi na nane. Namba, macho yake yalishaziaga.

Mwaka jana nikatumwa mimi, fundi wa nusu diploma (nusu ya pili bado iko chuoni), nifunge kifaa kinachotuma namba chenyewe.

"Hiki chako kinakunywa chai?" akaniuliza.

"Hakinywi, Ami. Wala hakikohoi."

"Basi kitakaaje hapa peke yake?"

Kilipowaka kikasoma kumi na tano. Geji nayo, kumi na tano. Lakini tone jekundu lilikuwa juu ya mshale vilevile.

"Ami, kioo hiki huwa unakifungua?"

"Kila baada ya upepo wa mchanga. Nasafisha, narudisha, nakizungusha hadi alama ikae juu ya mshale. Ulitaka niiweke wapi, juu ya pua yako?"

Ndani ya geji kuna mrija wa shaba uliopinda kama mundu. Maji yakiujaza hutaka kunyooka, kama mpira wa bustani bomba likifunguliwa, na ncha yake huvuta mshale. Mrija ule haukudanganya hata siku moja. Presha ilishuka mwaka hadi mwaka, nao ukarudi kujikunja, na kila mara Ami aliufuata na alama yake. Wenye mitende ya mwishoni mwa mfereji walipolalamika, Warda aliwajibu: kisima kizima, Ami kasema.

Nilimweleza. Akaukuna mguu.

"Ukiandika hayo, simu wataniachia?"

"Sijui, Ami. Naweza kuandika kwamba kioo kililegea."

"Mitende ya Belkheir, kule mwishoni, imekauka. Andika."

Nikaandika, nikatuma.

Kesho yake saa moja akapiga, mimi nikiwa kando. Simu yake ina sauti ya kuamsha ngamia, nikasikia yote.

"Kumi na tano," akasema, kwa namba safari hii, niliyomsomea mimi.

"Tunayo tayari, Ami, imefika yenyewe. Ahsante," Warda akajibu. Ikakatika.

Ami hakuitoa simu sikioni.

"Ami, amekata."

"Nyamaza kwanza," akaninong'oneza. "Labda anatafuta kalamu."