Basi la Wahid Siku ya Tatu ya Dhoruba

Wahid hakuondoa basi mpaka kila aliyempeleka kazini asubuhi awe amerudi kitini. Kampuni haikumwandikia kanuni hiyo. Aliishika tangu mwaka wake wa kwanza Dubai, alipoachwa na basi juani kwenye jengo alikofanya kazi, akatembea mpaka kambi ya wafanyakazi ya Muhaisnah.

Jumatatu mvua ya mawe ilivunja vioo vya magari Al Ain. Jumanne kisulisuli kiling'oa mabati Ajman. Jumatano saa saba mchana anga la Dubai liligeuka kijani kichafu, na ofisi za mtaa wa Oud Metha zikawaachia wafanyakazi warudi.

Walipanda watu ishirini na sita. Alikosekana Isaiah, Mganda anayesafisha zahanati ghorofa ya saba. Simu yake haikupatikana.

"Kaka Wahid, yalla, twende," alisema Ummi wa Malindi. Ndege yake ilikuwa saa moja jioni, na pasipoti ilikuwa kambini. Mama yake alikuwa mahututi. "Isaiah ana miguu. Mama yangu hana siku."

"Dakika tano, dada."

"Tano hizo umezisema mara tatu. Saa yako imeingia maji?"

Wengine walicheka. Wahid alishuka, akapanda, akashuka tena. Mabasi ya majengo ya jirani yaliondoka moja moja. Maji yakafika kidato cha kwanza cha mlango.

Saa nane na nusu Isaiah alitokea, viatu mkononi.

"Madam wa zahanati alikataa nitoke kabla sijakausha sakafu," alisema. "Simu ilizima."

Wahid aliondoa basi.

Njia ya chini ya daraja ilikuwa imefurika. Wahid alizunguka kupitia mtaa wa Al Rigga, na huko injini ikameza maji, ikazima. Ummi alishuka, akatembea kwenye maji ya magoti, akipungia teksi zisizosimama. Alifika kambini saa mbili usiku. Ndege ilikuwa imekwisha ondoka.

Mabasi yaliyotangulia yalifika kambini kabla ya saa tisa. Isaiah naye angeweza kulala zahanatini, juu ya maji yote, penye taa na chai. Alipokuwa akingoja, Wahid alijua kwamba mabasi yale yangewahi, na kwamba Isaiah alikuwa mahali salama. Alishika kanuni yake kwa gharama ya saa za mtu mwingine.

Mama yake Ummi alifariki Alhamisi adhuhuri, akazikwa jioni ile ile. Ummi hakumwona.