Kobe wa Sufiani

Ukitaka kumwona Sufiani akinuna, mwite mjomba. Jina lenyewe halina ubaya, ila yeye amelibeba tangu ndevu hazijamwota. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Mtoto akiugua ni mjomba, akifukuzwa shule ni mjomba, akipata mchumba ni mjomba. Sufiani ana dada kadhaa, wote Mungu kawajalia uzazi, na baba wa watoto hao ama wamefariki ama wana mambo yao. Mlango wake pale Mwembesongo haujawahi kupumzika. Nawapikia mafundi wa gereji miaka mingi, na sijawahi kumwona akimaliza chai yake ikiwa moto.

Ndiyo maana alipompata Kobe tulimwelewa. Gari la wasafiri wawili wa Kizungu lilikufa injini njia ya Kisaki, likauzwa chuma chakavu. Kikabaki kile kijumba kilichokuwa kimekaa mgongoni mwake, chenye kitanda, jiko la gesi, sinki na mlango wa nyuma. Hakuna aliyekitaka. Sufiani, ambaye ni fundi bodi, akakichukua kama malipo ya kuwavutia gari mpaka mjini, akakiweka juu ya mapipa nyuma ya gereji. Sisi tukakiita Kobe.

Kobe alikuwa hoi. Paa lilivuja kwenye maungio na sakafu ilikuwa imeoza hadi unaona ardhi. Sufiani aliling'oa bati lote, akabadilisha mbao, akagonga ribiti upya na kupaka silikoni kila mshono. Dirisha la paa akaliziba, akafunga sola juu yake. Madirisha ya pembeni akayachomelea nondo, maana wezi wa kwetu wana mikono myembamba. Mlango akautengeneza wa chuma, komeo ndani na komeo nje. Kila jioni akishamaliza kazi za watu aliingia humo, akajifungia, akalala chali kwenye kitanda kisicho na godoro. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na wa kumngoja ila wapwa. Aliniambia siku Kobe atakapopanda gari, naye ataondoka. Ataenda Mahenge, Songea, popote ambapo hana mpwa.

Gari ndilo hakuwa nalo. Hapo akaja Mwinjuma, mfanyabiashara wa ndizi, mtu mzima mwenye mke mmoja na adabu zake. Alimtaka Nasra, binti wa Raya, dada yake Sufiani. Nasra ni fundi cherehani, msichana asiye na maneno mengi. Siku ya kuleta posa Mwinjuma alikuja na pikapu yake ya zamani, akasema haipendezi mjomba amwoze mpwa wake halafu aendelee kutembea kwa miguu. Sufiani aliitazama pikapu kuliko alivyomtazama mwenye nayo. Nasra mwenyewe Sufiani hakumuuliza. Nilimwambia amuulize, akanijibu kuwa binti akinyamaza ameridhika. Nina maoni yangu juu ya wanaume wanaojua maana ya kimya cha mwanamke, lakini siku hiyo maharage yangu yalikuwa yanaungua.

Pikapu ikaachwa gerejini. Laurenti, fundi springi, akaongeza jani moja la springi kila upande ili mgongo usilale. Wakamnyanyua Kobe kwa jeki, wakairudisha pikapu kinyumenyume chini yake, wakamshusha taratibu na kumkaza kwa bolti. Sufiani alilizunguka gari lile akilishikashika. Alifurahi mpaka nikamwonea huruma.

Siku ya kutoa jibu ikafika. Wazee wa pande zote walikuwa wakutane kwa Raya baada ya adhuhuri. Sheikh ana utaratibu wake, lakini kwetu, kabla ya kufika kwa sheikh, mjomba akae mkekani atamke kwa mdomo wake mwenyewe. Asipokuwepo hakuna jibu. Sufiani akatundika kanzu kwenye banda langu, simu ikiwa mfukoni mwa kanzu hiyo, akaingia ndani ya Kobe na ovaroli lake kuangalia mara ya mwisho kama mpira wa gesi hauvuji.

Laurenti naye akafanya yake. Laurenti ni Mnyamwezi wa Tabora, na Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Mtani ana haki ya kukuzuia siku yako kubwa mpaka umpe kitu, na kukasirika huruhusiwi. Akasukuma komeo la nje, akatia kufuli, ufunguo akautumbukiza mfukoni.

"Mluguru, leo hutoki mpaka nimwone jogoo wangu," akasema, gereji nzima ikacheka.

Alikusudia kumfungua baada ya muda mfupi. Lakini lori lilikuwa limevunjika springi njia ya Mzinga, mwenye lori akaja mbio na bodaboda, Laurenti akachukua vifaa vyake akapanda nyuma. Ufunguo ukaenda naye, na simu yake haikupatikana.

Sufiani alianza kwa kutukana kiutani, halafu akatukana kweli, halafu akaomba. Aliupiga mlango mpaka mikono ikamuuma. Wateja waliuliza kuna nini, tukawaambia kafungiwa na mtani wake, nao wakacheka wakaendelea na shida zao. Mtu aliyezuiwa na mtani hafunguliwi na wa pembeni. Ukimfungua umeingilia utani wa watu, na deni la jogoo linahamia kwako. Basi mtu mzima akawa analia ndani ya bati, jua linamchemsha, nasi tunamrudishia vichekesho. Baadaye alinisimulia kuwa alijaribu kila upande. Dirisha la paa lilikuwa chini ya sola. Nondo hazikutikisika hata kidogo, na alikumbuka alivyojisifu alipokuwa akizichomelea. Aliogopa sana. Alikaa sakafuni akihema, na kwa mara ya kwanza ndani ya Kobe akatamani mtu aje amwite mjomba.

Aliyekuja ni Nasra, ametumwa na wazee waliochoka kumngoja mjomba wake. Alikuwa na baibui jipya na hina mikononi. Nilimwonyesha gari, akaenda kusimama nyuma yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nitoe humu, mwanangu."

Yeye ni damu yake, kumkomboa ilikuwa halali. Sufiani akamwelekeza kutoka ndani. Bawaba za mlango alizifunga kwa nje, kosa ambalo kila siku aliahidi kulirekebisha. Mwenye spana namba kumi angeung'oa mlango bila kugusa kufuli. Nasra akachukua spana mezani, akafungua bawaba ya chini, akaanza ya juu. Ilipobaki nati moja akaacha. Nilikuwa hapo na upawa wangu mkononi, nilisikia yote.

"Nikifungua hii, utakwenda kusema ndiyo," alisema.

Sufiani akajibu kwamba wazee wanangoja, Kobe ameshafungwa kwenye gari, na Mwinjuma ni mtu mwema.

"Ni mtu mwema. Simtaki. Hukuniuliza, mjomba."

"Ulinyamaza."

"Nawe ukinyamaza humo ndani, tuseme umeridhika?"

Hakuna aliyecheka tena. Nilimtazama Nasra nikadhani ataitupa spana aende zake, na sijui kama ningemlaumu. Nasra hakungoja jibu. Alifungua ile nati ya mwisho, akaudaka mlango usimwangukie, akauegemeza kwenye gari. Machozi yalikuwa yanamtoka. Sufiani aliposhuka, ovaroli limemganda mwilini, Nasra alimpa maji ya mtungi wangu na kumshika mkono mpaka akasimama sawasawa.

"Twende, wanakungoja," akamwambia.

Wakaenda. Yaliyotokea huko tuliyapata kabla ya magharibi. Mjomba alikaa mkekani na kanzu yake, akashukuru kwa posa, akasema binti hayuko tayari. Wazee wa upande wetu walimfokea kuwa ameuaibisha ukoo. Raya alimwambia asikanyage kwake mpaka amwite, na hajamwita. Mwinjuma aliaga kwa heshima, akatuma mtu kuuliza pikapu itarudi lini.

Ilirudi kesho yake. Laurenti alikuja na ufunguo na aibu yake, akapewa jogoo wake bila ubishi, akasaidia kuzilegeza bolti. Wakamnyanyua Kobe kwa jeki, pikapu ikatoka chini yake tupu, na mapipa yakarudishwa yalipokuwa. Sufiani aliufunga tena mlango kwenye bawaba zake. Komeo la nje alilikata kwa grenda, akasita kidogo, akalikata na la ndani.

Bado anaingia humo jioni, lakini mlango anauacha wazi. Juzi nilikuwa naosha masufuria akaja mpwa mwingine, ana shida ya ada. Akachungulia, akauliza kama mjomba yupo.

"Nipo," Sufiani akajibu. "Niende wapi?"