Mzee Balbu na Kumbikumbi Wasiojua Kalenda

Ukitaka kumwona mtu mbishi, usihangaike. Nenda kwa mkodisha taa za sherehe, yule tunayemwita Mzee Balbu. Huyo hata akipotea njia ya kwake atakwambia nyumba ndiyo iliyohama. Miaka nenda miaka rudi kazi yake ni ileile: kutundika taa viwanjani, kuvuta nyaya juu ya vichwa vya watu, kisha kusimama kando ya swichi kifua mbele, utadhani jua kaliwasha yeye.

Na elimu yake kubwa, maskini, ni kumbikumbi. Mvua ya kwanza ikilainisha ardhi, jioni wadudu hao huruka kwa maelfu kufuata mwanga, na kwa mtu wa taa hiyo ni balaa. Enzi za ujana wake walitoka mwezi wa kumi na moja. Basi, kaifanya sheria. Kwamba siku hizi mvua inakuja itakapo na joto halina msimu, hilo halimhusu.

Binti yake wa pekee akapanga harusi mwezi wa tisa. Mzee akaamua ifanyike uwanjani, chini ya taa zake zote, wakwe wajue wameoa kwa nani. Alfajiri ya siku yenyewe ikamwagika mvua, si mchezo.

"Baba, tuhamie ndani, ukumbi wa shule uko wazi," binti alimsihi. "Nataka ufurahi na mimi leo, usishinde unagombana na wadudu."

"Mwanangu, kumbikumbi wana mwezi wao."

"Na nani kawaambia?" mkewe akauliza.

"Nimeshasema!"

Ameshasema! Kana kwamba wale wadudu wamekaa huko chini na kalenda ukutani, wanangoja ruhusa yake.

Jioni bibi harusi akaingia uwanjani ameshika mkono wa baba yake, kapendeza hasa. Kufika katikati, mzee akamwacha hapohapo, mbio kwenye swichi. Taa zikawaka, wageni wakashangilia. Hawakumaliza. Kumbikumbi walifumuka kwenye majani, kwenye nyufa, chini ya jukwaa. Wakajaa kwenye keki, kwenye vikombe, kwenye masikio ya wakwe. Mama mkwe alifungua kinywa apige kigelegele, akakifunga kimejaa.

"Zima taa!" watu wakapiga kelele.

"Hawa si kumbikumbi!" mzee akafoka, ameikumbatia swichi. "Ni wadudu wengine tu, watapita!"

Mtu mzima hovyo! Kumbikumbi katua puani pake, naye anamkana.

Binti mwenyewe akaja, shela limejaa mabawa, machozi yanamtoka. Akamsogeza baba yake pembeni, akazima. Kisha akamkabidhi taa moja ya betri.

"Ipeleke kule kwenye uzio, baba. Watakufuata."

Dawa hiyo kila mtu anaijua. Hata mzee anaijua, maana ndivyo anavyowafanyia wateja wake kila mwezi wa kumi na moja. Akaenda, na kumbikumbi wote nyuma yake, msafara mzima. Huku nyuma keki ikapanguswa, muziki ukaanza, watu wakacheza gizani huku wakikanyagana miguu na kucheka. Harusi ikachangamka kuliko ilivyopangwa.

Baadaye binti akamfuata kule kwenye uzio, viatu mkononi.

"Baba, iache hiyo taa chini. Njoo tucheze."

Angeweza kusema ndiyo. Neno moja, halina hata gharama. Mzee akapangusa mabawa shingoni.

"Lakini hawa ndio waliokosea mwezi, mwanangu. Si mimi."

Binti akamtazama kidogo, akageuka, akarudi kwa mumewe. Mzee akabaki ameishika taa usoni pake, kumbikumbi wamemzunguka. Alimsikia binti yake akicheka kule gizani, akakodoa macho, wala hakumwona.