Mpishi Mnene wa Nyambizi

Gudmund Hjellestad, jirani yangu wa nyumba ya juu hapa Laksevåg, mtaa wa bandari huku kaskazini kwenye baridi, alilelewa karibu na lile boma la zege ambalo Wajerumani walilijenga wakati wa vita kuhifadhi nyambizi zao. Mabomu yaliyokusudiwa boma hilo yaliua watu wa mtaa wetu, na mama yake, ambaye wakati huo alikuwa msichana, aliyaona kwa macho yake. Mama huyo hakutaka neno nyambizi litajwe mezani kwake. Kwa hiyo Gudmund alipopata kazi ya upishi katika nyambizi, alimwambia kwamba anapika kwenye bweni la wanajeshi. Mama alikufa akiamini hivyo.

Nyambizi za miaka ile zilikuwa ndogo mno. Mabaharia walilala kwa zamu. Ukiamka, mwenzako anajitupa kwenye joto uliloliacha. Jiko lilikuwa finyu kama kabati, na Gudmund, ambaye ni mtu wa mwili, aliingia humo kwa ubavu. Hata hivyo jikoni humo zilitoka keki za samaki, supu ya njegere, na mikate ya mdalasini ambayo harufu yake ilishinda ile ya dizeli. Wenzake walimpenda. Aliyempenda zaidi, na kumtania zaidi, alikuwa Torleiv, fundi wa mitambo, mtu mwembamba asiyejua kunyamaza.

Vuli moja walikuwa wamezama katika fiodi ya kaskazini, mkono mwembamba wa bahari kati ya milima. Dhoruba ilikuwa imeung'oa wavu mkubwa wa uvuvi na kuutupa kilindini, minyororo na vyote, na hakuna aliyejua uko wapi. Nyambizi ikaingia ndani yake. Propela ya mkiani ikajiviringishia wavu mpaka ikakwama. Nahodha akaamuru hewa ijazwe kwenye matangi ili wapande. Pua ikainuka, mkia ukagoma. Sahani zote za Gudmund zikamwagika, naye akajikuta amekaa ndani ya sufuria ya viazi.

Wakajaribu tena, ikawa vilevile. Nahodha akawaambia walale, wasiongee, watunze hewa. Jiko likazimwa. Gudmund akapita kitanda kwa kitanda akigawa mkate na jibini ya kahawia. Hakuna aliyekula. Hewa ilikuwa inazidi kuwa nzito, na ukutani maji ya pumzi zao yalikuwa yakichuruzika.

"Torleiv," Gudmund alinong'ona, "unafikiria nini?"

"Nafikiria kahawa yako. Kama nitakufa leo, angalau sitainywa tena."

"Mshenzi wewe."

"Kelele!" nahodha akasema, lakini sauti yake ilikuwa na kicheko.

Baadaye nahodha akaja na wazo. Watu wote wakimbie mpaka mbele, kisha wote warudi mpaka nyuma, tena na tena, nyambizi ibembee kama pembea, huenda wavu ukachanika. Wakaanza. Waliinama, wakajigonga vichwa, wakakanyagana. Gudmund alibeba gunia la viazi begani ili uzito uongezeke.

"Kimbia, mzee, kimbia!" Torleiv alihema nyuma yake. "Miaka yote tumekilisha hicho kitambi, leo kilipe!"

"Nikikuangukia hutaongea tena!"

Mara wakasikia kitu kikiguguna nje, kisha mlio mkubwa kama shuka inayoraruliwa. Sakafu ikaruka. Watu wakaangukiana, nyambizi ikapanda mbio kama kizibo. Mlango wa juu ulipofunguliwa, mvua ya kwetu ikaingia, ile mvua tunayoilalamikia mwaka mzima. Wakatoka mmoja mmoja, wakasimama wameachama midomo, wanainywa. Torleiv alikuwa analia waziwazi huku amemkumbatia mpishi.

Waliambiwa wasisimulie nje ya jeshi. Gudmund alimwambia mkewe, Sølvi, peke yake. Sølvi akasema, "Kaoge, unanuka dizeli," kisha akajifungia chumbani. Hakumwomba aache kazi, naye hakuacha. Zile ndogo zilipostaafishwa, akahamia kwenye hizi kubwa zilizopo sasa, akapika humo mpaka pensheni.

Shida ilianza pale binti yao, Ingvild, alipoingia yeye mwenyewe kwenye nyambizi. Kila alipokuwa baharini, baba yake hakula vizuri. Nilikuwa namwona bustanini anachimba mahali alipokwisha kuchimba. Halafu mwaka jana Ingvild akaja na habari: amechaguliwa kwenda Ujerumani kujifunza zile nyambizi mpya zinazoundwa huko, atakuwa miongoni mwa watakaozishusha majini.

Nilikuwepo siku hiyo, nimealikwa supu ya samaki. Gudmund aliweka kijiko chini.

"Mwambie," Sølvi alisema. "Asiende bila kujua."

Akamwambia habari za ule wavu. Alisimulia vibaya, akirukaruka kutoka jambo hadi jambo. Ingvild alisikiliza akiwa ameziba mdomo. Nilidhani analia. Kumbe anazuia kicheko.

"Baba! Ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Kisa hicho tulifundishwa darasani kabla hatujaingia nyambizini! Jinsi ya kujinasua kwenye wavu. Kuna mpishi mnene asiye na jina, amebeba viazi. Wanasema alikuwa na kilo mia na sitini!"

"Waongo! Nani kawaambia mia na sitini?"

"Torleiv alikuwa anakuja kutufundisha."

Sølvi akacheka mpaka akaegemea bega langu. Uso wa Gudmund ukalegea kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

"Kwa hiyo ulijua," alisema polepole. "Ulijua yote, na bado ukaingia."

"Nilijua kisa, baba, sikujua tu kwamba mpishi ni wewe. Na kila mwaka tunafanya mazoezi ya kukimbia vile. Hizo mpya ni ndefu, itabidi nipunguze sigara."

"Unavuta sigara?" Sølvi akaacha kucheka.

Ingvild aliondoka majira ya kuchipua. Jumamosi iliyofuata nilimwona Gudmund amelala kwenye kiti cha bustani, gazeti limemfunika kifua, anakoroma mchana kweupe. Sølvi alinipungia mkono dirishani, akaweka kidole mdomoni, nami nikapita nikinyata.