Siku Nilipoona Haya Kumzuia Maalim Vuai

Nakumbuka Jumapili moja ya ujana wangu, mwanangu, na ingawa meno mengi yamenitoka tangu siku hiyo, aibu yake haijanitoka. Kaa kitako nikuhadithie. Walionizoea watakwambia kwamba nikianza kusema sina breki, lakini leo nitajitahidi kwenda moja kwa moja.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, baharia katika mashua ya bandarini hapa mjini Unguja. Mwaka huo wenye motaboti zao, Wazungu na matajiri wachache wa mjini, waliandaa mashindano. Wangetoka mbele ya Shangani, wakimbie kando ya ufuo hadi Bububu, wageuze, warudi, tena na tena. Sasa bahari ile si uwanja wa mpira ukaweza kuuzungushia ua. Ni njia ya watu: wanaotoka kutazama mitego yao ya samaki, wanaoleta nazi sokoni, wanaokwenda kuwajulia hali jamaa zao. Kwa hiyo ikatolewa sheria ya siku moja. Tangu saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, chombo chochote kisikate njia ya mashindano ila kwa ruhusa ya mashua ya ulinzi. Bendera nyekundu ikiwa juu, kila mtu asimame alipo. Ikipanda nyeupe, apite. Tangazo lilibandikwa hadi Mlandege, na kwenye soko la samaki lilisomwa kwa sauti siku tatu mfululizo.

Wako waliolinung'unikia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilisema watu wa starehe wanatufungia bahari yetu. Lakini nilipowekwa katika mashua ya ulinzi, nikapewa bendera mbili, firimbi, na kofia yenye nembo mbele, manung'uniko yote yaliniisha. Kofia ile niliivaa tangu alfajiri.

Tulitia nanga karibu na Bububu, mimi na mwenzangu Makame, kijana wa Tumbatu mwenye sauti ya kuamsha kijiji kizima. Makame hakumchagua mtu. Kila aliyesogea alimpigia firimbi. Mara akatokea mjomba wake mwenyewe na shehena ya nazi, akamsimamisha papo hapo. Mjomba akafoka, akamkumbusha ni nani aliyemlea.

"Shikamoo mjomba," Makame akasema, "lakini hapo hapo ulipo. Nyekundu iko juu."

Mjomba akasimama, akanuna. Motaboti zikapita zikinguruma, nyeupe ikapanda, naye akapita bila kututupia jicho. Mimi nilicheka, lakini moyoni nilisema kijana huyu hana adabu.

Kiasi cha saa tano na nusu, nyekundu ikiwa juu kwa mzunguko mwingine, akaja Maalim Vuai kutoka upande wa bahari kuu. Huyu ndiye aliyenisomesha Kurani chuoni Bububu tangu sijui kuifunga shuka yangu mwenyewe. Alikuwa na mwandiko ambao watu walikuja kutoka mbali kuutafuta, kwa barua, kwa hati za mashamba, kwa dua za kutundika mlangoni. Siku hiyo alikuwa peke yake katika mtumbwi, ametoka kutazama madema yake ya samaki, anapiga kafi kwa haraka. Alipotufikia akashika ukingo wa mashua yetu.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Vipi, njia i wazi? Nnangojwa huko kufungisha ndoa, na adhuhuri ndiyo hiyo inakuja."

Nilikuwa nausikia mngurumo upande wa mjini. Makame naye aliusikia, akaninong'oneza, "Mwambie angoje."

Neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nilimtazama yule mzee, jasho linamtiririka, kofia yake ya kushonwa kwa mkono imelowa maji ya chumvi, na nikajiuliza mimi ni nani hata nimwamrishe asimame juani. Mtu ambaye kila nikimkuta njiani nainama kumbusu mkono, leo nimnyooshee bendera? Nikaona haya. Nikasema, "Pita tu, Maalim. Bado wako mbali."

Hawakuwa mbali. Alikuwa katikati ya njia zilipotokeza motaboti mbili, zimefuatana, pua juu. Makame alipuliza firimbi mpaka mishipa ya shingo ikamtutumka. Ya kwanza ilimkwepa kwa upana wa kafi. Ya pili nayo ilipinda, lakini imeshachelewa, ikaugonga mtumbwi ubavuni, pale pale Maalim alipokuwa ameushika ukingo asianguke. Mtumbwi ukapinduka, mzee akazama. Makame alijirusha na nguo zake. Na mimi je? Nakwambia ukweli, mwanangu, nilibaki nimeshika kamba ya bendera, nasoma kila dua aliyonifundisha yeye.

Makame aliibuka naye akiwa hai. Lakini vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimepondeka, na hospitali walivikata viwili, pamoja na kile cha shahada.

Bwana mkubwa wetu wa bandarini aliniita, akaniuliza nani aliyemruhusu mzee kupita. Nikasema sikumwona mpaka alipokwisha kuingia njiani. Ndivyo nilivyosema. Makame alikuwa amesimama kando yangu. Alinitazama, akaniacha na uongo wangu, na tangu saa ile hakunisemeza. Mjini kukawa hakuna jengine: Maalim Vuai mkaidi, kaidharau bendera, na yaliyompata kajitakia.

Siku ya tano nilikwenda kwake Bububu. Nilimkuta barazani, wanafunzi ameshawaruhusu. Niliinama kuubusu mkono wake, nikauona umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Akanipa wa kushoto. Nililia kabla sijasema kitu. Kisha nikamwambia nilishindwa kumzuia kwa sababu ya heshima niliyonayo kwake.

Akasema polepole, kama alivyokuwa akisahihisha herufi.

"Usiite heshima hiyo. Wewe ulinionea haya. Mimi nilikuuliza njia i wazi, sikukwambia unipishe. Nilikuuliza kwa sababu wewe ndiye uliyejua. Ungenambia ngoja, ningengoja, na maharusi nao wangengoja. Lakini wewe ulidhani mzee wako huyu hawezi kuambiwa ngoja. Miaka yote hiyo niliyokusomesha, ndivyo unavyonijua?"

Akaongeza, bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, "Na huko mjini nshasikia kuwa nimevunja sheria. Hilo nalo umeniachia nilibebe mimi?"

Kesho yake, siku ya Ijumaa, nilikwenda asubuhi kwa bwana mkubwa nikasema kweli yote. Kazi nikaipoteza pale pale, na sikumlaumu mtu. Mchana, baada ya sala, niliomba nafasi msikitini Bububu, nikasimama mbele ya watu walionijua tangu utotoni, nikawaambia kwamba Maalim aliuliza, na mimi ndiye niliyemwambia apite. Maalim alikuwa safu ya mbele, hakugeuka.

Baadaye alijifundisha kuandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zilitoka kubwa na zimepinda, naye akizicheka mwenyewe, akisema sasa amerudi darasa la watoto. Wenzangu walicheka pamoja naye. Mimi sikuwahi kuweza.

Basi nikuusie, mwanangu. Ipo siku utawekwa mahali uwazuie watu kwa usalama wao, iwe getini, iwe barabarani, iwe bandarini. Huenda sheria yenyewe ikawa ya siku moja, au ya saa mbili tu, na watu wakaicheka kwa kuwa kesho haitakuwapo. Wewe ishike kwa saa zake zote, maana hatari nayo imo ndani ya saa hizo hizo. Akija mtu unayeinama ukimwamkia, mwamkie. Mpe maji, mtafutie kivuli, muombe radhi mara tatu ukitaka. Kisha mwambie angoje. Usimpunguzie mkubwa wako ukweli kwa kumdhania hataubeba, huko ni kumdharau kwa siri. Na ukikosea, usimwache mwingine aitwe mkosaji kwa kosa lako hata usiku mmoja. Mimi niliziacha siku tano zipite, na bado nazihesabu.

Nawe utakuwa mzee, usinicheke. Siku kijana atakapokuja kukuzuia huku sauti inamtetemeka, simama, tena umwambie ahsante, umpunguzie mzigo.

Leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao Maalim Vuai Jumapili ile, na kila nikiinua mikono kuomba huanza na jina lake. Nikishamwombea yeye, nakuombea na wewe: Mwenyezi Mungu akupe ulimi wenye adabu usio na woga, akulinde wewe, na awafikishe salama majumbani kwao wote utakaowaambia wangoje. Amin.