Umemfagia Dada'ko

Mama yangu hajapata kuiona Kanada, lakini kwa miaka kumi na minne hapakuundwa serikali kule ila yeye aliipinga. Aliipinga akiwa amekaa kwenye msala wake wa kuswalia sebuleni, ghorofa ya tatu, Al Khuwair, Maskati, miguu kainyoosha na tasbihi mkononi. Akimaliza nyiradi zake anahamia kwenye siasa. Baba alikuwa akisema laiti wangempa mama kiti katika bunge lao, barafu ya kule ingeyeyuka wiki ya kwanza.

Chanzo cha siasa zote hizo ni dada yangu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini aliolewa na kijana wa kwetu, wazee wake wa Unguja kama wazee wetu, aliyesomea Kanada na akapata kazi huko huko. Walisema wanakwenda miaka miwili. Siku ya safari mama alipika kama anayeaga jeshi, akafukiza udi nyumba nzima, akamsomea dada na kumpulizia kichwani mpaka mtandio ukamvuka. Tukenda uwanja wa ndege Seeb, tukalia, tukarudi.

Nyumba tuliikuta haitazamiki. Visheti vimesagika kwenye zulia, halwa imekanyagwa na watoto wa wageni, na sisimizi washajipanga mstari kutoka jikoni. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa na nilijiona mtu mwenye msaada. Nikatwaa ufagio wa chelewa, ule mama alioletewa kutoka Unguja na ambao haukuwa ukiguswa ovyo, nikafagia vyumba vyote mpaka mlangoni, taka nikazitoa nje.

Sasa, kwetu msafiri akishatoka, nyumba haifagiwi mpaka zipite siku tatu. Ukifagia, umemfagia na yeye, hatorudi. Hili nilikuwa nalijua kabla sijajua kufunga viatu. Siku ile lilinitoka kichwani, sijui kwa kulia au kwa upumbavu, na mpaka leo sijaamua.

Mama alimaliza kuswali, akatoka chumbani, akaiona sakafu inang'aa.

"Nani kafagia?"

Nani mwengine? Ndani tulikuwa watatu, na baba tangu azaliwe hajui ufagio unashikwa upande gani.

"Umemfagia dada'ko," mama akasema. Hakupandisha sauti, na mama yangu asipopandisha sauti ndipo pa kuogopa.

Basi miaka miwili ikawa mitatu, mitatu ikawa mitano. Kila dada alipoahirisha kurudi, mama aligeuka akanitazama mimi. Mume kapata cheo: mimi. Mtoto kazaliwa: mimi. Tiketi zimepanda: mimi huyo huyo. Nikaajiriwa wizarani, nikanunua gari, nikawa natia sahihi barua za watu wazima wenye ndevu, lakini nikifungua mlango wa nyumbani nilikuwa yule yule aliyemfagia dada yake. Mwanzo nilicheka. Halafu nikakasirika, nikamwambia baba kuwa hiyo ni shirki, naye akaniambia nikamwambie mama mwenyewe kama nimechoka kuishi. Na chini ya hasira ilikuwamo hofu, nasema kweli. Niliogopa huenda ni mimi kweli.

Dada alikuwa akipiga simu kila Ijumaa. Mama hakumwuliza hata mara moja, "Utarudi lini?" Ana kiburi mama yangu, cha kurithi. Aliuliza hali ya serikali. Dada akidhani bibi wa watu amezeeka na kupata shauku ya dunia, akawa anamweleza yote, nani kashinda, nani kaanguka, waziri gani kafumaniwa na risiti za chakula. Ilinichukua mwaka mzima kufahamu mama anatafuta nini. Alikuwa anatafuta chama kitakachowatimua wageni.

"Hicho chama cha huko magharibi," alimwuliza siku moja, simu kaibana begani huku anachambua mchele, "hicho kinachosema wageni wamezidi, kina hali gani?"

Sauti ya dada niliisikia mimi niliyekaa mbali: "Mama! Wageni ndio sisi!"

"Nnajua. Nnauliza kina hali gani."

Nadhani alikuwa mwanamke peke yake Maskati nzima aliyekiombea dua chama hicho. Kilipopata viti vingi alipika biriani. Mambo mengine ya kule aliyatolea hukumu papo kwa papo. Walipompa mwanamke uwaziri mkuu, na baada ya miezi michache chama chake kikaangushwa vibaya, mama alisema wanaume wale hawana haya: wamemkabidhi chungu kishaungua, kisha wanamlaumu kwa ukoko. Baba akasema hilo ni neno la maana. Mama akajibu kuwa yeye siku zote husema maneno ya maana, tatizo ni masikio ya humu ndani.

Mgogoro mkubwa uliletwa na lile jimbo la Wafaransa, walipopiga kura kama wajitenge au wabaki. Mama alitaka wajitenge, na wajitenge leo. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: nchi ikivunjika kazi zitapotea, kazi zikipotea dada atarudi. Lakini ghorofa ya pili alikaa shoga yake mkubwa, Mwarabu kama sisi ila mzaliwa wa Tabora, mwenye Kiswahili cha bara ambacho mama alimsamehe kwa ajili ya sambusa zake. Yule bibi alikuwa upande wa umoja.

"Leo jimbo moja, kesho kila mtaa na bendera yake," alisema. "Na nyie wa ghorofa ya tatu mtataka ya kwenu."

"Nyie watu wa bara," mama akajibu, "muungano mnaupenda kwa sababu hamkumezwa nyie."

"Haya, usiniletee ya Unguja kwenye mambo ya Kanada."

"Ya Unguja yako wapi? Nnasema ya Kanada mie!"

Kura zikahesabiwa, wanaotaka kubaki wakashinda kwa tundu ya sindano. Yule bibi akapiga kigelegele kwenye ngazi. Mama alikuwa na sahani yake, iliyopanda na sambusa siku mbili kabla. Desturi ya wale wawili, na yetu sote, ni kuwa sahani ya jirani hairudi tupu. Ukikosa kabisa, utatia hata tende tatu. Mama akaiosha, akaikausha, akanipa. "Mrejeshee."

"Na nini ndani?"

"Na hewa."

Jengo zima lilizungumza habari ile. Ugomvi wa maji ya kiyoyozi yanayodondokea magari ulisahauliwa, ugomvi wa dishi la nani limelizuia dishi la nani huko juu ya paa ukasahauliwa, watu wakawa wanauliza: kweli imerudi tupu? Walinuniana mwezi na zaidi, wakipishana kwenye ngazi kama hawajuani, bibi wawili wazima, kwa sababu ya Wafaransa wasiowajua.

Kilichowapatanisha ni dishi. Yule bibi alinunuliwa na wanawe dishi kubwa linaloshika chaneli za Ulaya. Siku moja alasiri aligonga, nikafungua, akazungumza nami kwa sauti ya kutosha kumfikia mama kwenye msala wake: "Mwambie mama'ko wanawake wa Kanada wako kwenye televisheni yangu. Wanafagia."

Mama alizikata nyiradi katikati. Astaghfirullah, nilishuhudia mwenyewe.

Kweli walikuwa wanafagia, kumbe ni mchezo wao wa mashindano. Mwanamke mmoja alipiga goti, akalisukuma jiwe zito lenye mpini juu ya barafu, akaliachia, na wenzake wawili wakalitangulia mbio, wanafagia mbele yake kama wamesikia wakwe wako mlangoni. Nyuma mkubwa wao anapiga ukelele. Mama alikaa kwenye kochi bila ya kukaribishwa na hakubanduka mpaka maghrib. Aliwapenda kupita kiasi. Alipenda kuwa ni wanawake wazima, wengine mama za watu, vifua na mapaja yao kama yetu, si visichana vilivyokonda. Alipenda wanavyokemeana. Ufagiaji wao tu ndio hakuridhika nao. "Yule wa kushoto hakufunzwa kwao," alisema. "Anafagia katikati, pembeni anaacha."

Halafu akatikisa kichwa. "Ndiyo maana. Nchi nzima inafagia njia mchana kweupe, nani atarudi kwao?" Akanitazama mimi.

Yule bibi akacheka mpaka akashika mbavu, akamletea chai, na siku ya pili sahani ilishuka imejaa katlesi. Tangu hapo kila baridi ya kule ilipoanza, mama alishuka ghorofa ya pili kutazama mawe.

Miaka ikenda. Baba alifariki, na dada hakuwahi kumzika. Kwetu maiti haisubiri ndege. Siku ile mama hakunitazama, na hilo liliniuma kuliko kutazamwa. Baadaye dada akachukua uraia wa kule. Kwa sheria ya kwetu huwezi kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo huu wa hapa ulikuwa mwisho wake. Alimwambia mama kwa simu, mama akajibu, "Kheri inshallah," akauliza habari za uchaguzi.

Dada alikuja mwaka wa kumi na nne, likizo ya mwezi mmoja, na binti yake wa miaka kumi na miwili. Mama alipaka rangi chumba. Alinunua kitanda cha pili, akapeleleza skuli, akawaambia majirani wanakuja kukaa. Dada hakuwa amesema hivyo, na mimi nilinyamaza kwa uoga. Uwanja wa ndege tuliwaona kwa kioo wamepanga foleni ya wageni, wanangoja kugongewa viza. Mama alisema, "Wamekosea foleni, nenda kawaambie." Sikwenda. Baada ya muda akaacha kunihimiza.

Mtoto yule alikuwa na Kiswahili cha kuchekesha na adabu za ajabu, na mama alimwita mke mwenza toka siku ya kwanza. Na ya Mungu mengi: skulini kwao alikuwa akicheza mchezo ule ule wa mawe. Mama aliposikia aliita ghorofa ya pili kwa kupiga sakafu na mchi. Asubuhi ile hapakuwa na kazi iliyofanyika. Mtoto alimwaga maji ya sabuni kwenye ukumbi wa vigae, akatafuta jiwe, akakosa, mpaka macho yakaangukia pasi ya makaa ya marehemu bibi, ya chuma, chini bapa, juu mpini, pambo letu la karibu na televisheni. Mama hakumkataza. Mimi nikiigusa pasi ile kufuta vumbi nasemwa.

Mtoto akapiga goti, akaiachia. Dada na mimi tukafagia, mimi na chelewa, yeye na ufagio wa plastiki, yule bibi wa Tabora anapiga kelele kama yule mkubwa wa wachezaji, na pasi ikapita kwa kishindo mpaka mlango wa jikoni. Dada alianguka matako chini, akacheka kile kicheko chake cha zamani. Nilikuwa nimekisahau. Niliona uchungu na furaha pamoja, nikaendelea kufagia vigae vilivyokuwa safi tayari.

"Mbona mnafagia wakati jiwe lishatoka?" mama aliuliza. "Si mngefagia kabla?"

"Bibi, ukishaliachia ndiyo basi," mtoto akasema. "Huwezi kuligusa tena. Unaweza kufagia tu, lifike. Usipofagia linasimama njiani."

"Likisimama njiani?"

"Hasara. Halina faida kwa mtu."

Mama akaichukua pasi yake, akaifuta kwa kanga, akairudisha mahali pake.

Zikabaki siku mbili. Tulikuwa tunakula, na mama akauliza swali ambalo alilizunguka miaka kumi na minne kwa vyama na mawaziri wakuu wote wale. Aliuliza akiwa anamtazama dada usoni.

"Utarudi?"

Dada akaweka tonge chini. "Nitakuja, mama. Kila nikiweza nitakuja. Lakini kurudi... nikitoka hapa ndiyo narudi, mama."

Mama akamwongeza samaki.

Siku ya safari udi ukafukizwa, mtoto akasomewa na kupulizwa, akapiga chafya. Tulikwenda tukalia, tukarudi saa nne asubuhi. Sakafu ilikuwa vile vile: visheti, halwa, sisimizi kwenye foleni. Nilikaa kwenye kochi, mikono nimeikalia, nisije nikashika kitu. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Mama alikwenda nyuma ya mlango wa jikoni akatoka na ufagio wa chelewa. Alianzia chumba chenye rangi mpya, akaja ukumbini, akainama pembeni kila mahali, akafagia mpaka nje kwenye ngazi. Yule bibi wa chini alikuwa anapanda kuja kutupa pole. Akasimama, mkono mdomoni.

"Shoga! Umeingiwa na nini? Ndege yao hata haijaruka!"

"Nafagia wafike," mama akasema.

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Alinigeukia, akaninyooshea ufagio.

"Njoo, malizia weye," akaniambia. "Mara ile ulifagia vizuri. Si alifika?"

Nikainuka, nikaupokea, nikaendelea kutoka pale alipoishia.